Mashine ya Kutafutia Madini Katika Bustani za Zamani: Kinachochimbuliwa ni Mali ya Nani?

 

Tumeletewa suala na kijana wa Unguja. Mjomba wake, aliyekuja likizo kutoka Oman, amemletea zawadi ya mashine ya kutafutia madini, ile yenye fimbo ndefu na sahani ya mviringo chini yake. Siku za mwanzo aliijaribu katika bustani moja ya zamani hapa mjini, baada ya sala ya Alfajiri kabla watu hawajawa wengi. Kwa asubuhi nne alichimbua vizibo vya soda visivyo na idadi, misumari, sarafu za shilingi za siku hizi, pesa tatu za shaba zilizoota kutu ya kijani, reale moja ya fedha iliyoandikwa mwaka 1780, na pete ya dhahabu ya kike yenye herufi mbili zilizochongwa kwa ndani. Kaka yake anataka reale na pete ziuzwe kwa mwenye duka la vitu vya kale kabla ya Ramadhani, wagawane. Mama yao hataki vitu hivyo vilale ndani ya nyumba. Anasema vya chini vina wenyewe, akikusudia majini. Kijana anauliza kama vitu hivi ni halali yake, kama anatakiwa kutoa khumsi, na kama anaweza kuendelea.

Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kuuza. Wengi huuliza baada ya fedha kwisha.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kukijua kilivyo. Ndani ya ile sahani mna koili za waya. Umeme unaopita humo ukibadilika badilika hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta madini, huzusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hutoa sumaku yake inayorudi juu. Koili ya kupokea huihisi, na mashine ikalia. Basi ni hivyo tu. Hamna siri wala ghaibu ndani yake, na mwenye kuitumia hawi kahini. Mashine za kawaida huona sarafu moja iliyo chini kiasi cha sentimita 15 mpaka 25, kutegemea udongo na ukubwa wa kitu. Kwenye mchanga uliorowa maji ya chumvi nyingi hubabaika, kwa kuwa maji ya bahari nayo hupitisha umeme. Na jambo moja wauzaji hawalisemi kwa sauti: kishikio cha kufungulia kopo la soda na pete ndogo ya dhahabu hutoa mlio unaokaribiana sana. Anayetaka dhahabu itamlazimu achimbe makopo, na kila mlio ni shimo. Tukumbuke hili, tutalirudia.

Jambo jengine ni bustani. Mtu akisikia bustani ya zamani hudhani kuwa kila kilicho chini kimelala hapo tangu enzi. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kutimia miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, ikiitwa Bustani ya Jubilei, na mwaka 2009 ilikamilika kufanyiwa matengenezo makubwa ambayo udongo wake ulipinduliwa. Darajani palikuwa na mkondo wa bahari uliokuja kufukiwa kwa vifusi. Kwa hivyo sarafu ya zamani inaweza kuwa juu na kizibo cha jana kikawa chini yake, na sarafu iliyopatikana mahali fulani huenda imeletwa na gari la kifusi kutoka mahali pengine kabisa. Kina cha shimo si ushahidi wa umri.

Wala mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si ushahidi siku zote. Reale aliyoipata kijana wetu ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kufa kwake sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, katika miji mbali mbali, ikibakishwa mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Arabuni na pwani yetu walikuwa hawaiamini yenye mwaka mwengine. Reale ya 1780 inaweza kuwa imepigwa wakati babu zetu wako hai. Zile pesa tatu za shaba, ikiwa zina picha ya mizani na mwaka 1299, basi hizo ni za Sayyid Barghash, na 1299 ni mwaka wa Hijria unaolingana na 1882.

Sasa tuje kwenye hukumu. Watu wengi waliposoma kidogo hulikamata neno moja tu, rikazi, na wakajua kuwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) ameeleza, katika hadithi ya Abu Hurayra iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kuwa katika rikazi hutolewa khumsi, yaani sehemu moja ya tano. Wakafikiri: basi chochote kilichotoka ardhini, toa moja ya tano, nne zako. Lau ingekuwa hivyo, suala hili lingekwisha kwa mstari mmoja.

Rikazi kwa mujibu wa madhhab ya Imamu Shafi ni mali iliyozikwa na watu wa Jahiliya, yaani kabla ya kuja Uislamu, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe au ardhi ambayo mwenye kuipata ndiye aliyeihuisha. Na kwa kauli iliyo mashuhuri iwe dhahabu au fedha, na ifike nisabu, ingawa haingojewi mwaka kupita. Imamu Nawawi ameyaeleza haya katika Minhaj, kitabu ambacho darsa nyingi za visiwani kwetu zimekipitia, na akaongeza mambo matatu ambayo ndiyo hasa jawabu la kijana wetu. Mali iliyozikwa ikiwa ni ya Kiislamu na mwenyewe akajulikana, ni ya mwenyewe. Asipojulikana, ni luqata, yaani kitu kilichopotea kikaokotwa. Ikiwa haijulikani ni ya Jahiliya au ya Kiislamu, nayo ni luqata. Na hata ile ya Jahiliya ikipatikana msikitini au njiani, madhhab inaihesabu kuwa ni luqata.

Bustani ya mji iko upande gani? Si ardhi mfu ambayo mtu anaihuisha. Ni mahali pa umma, kila mtu ana haki ya kupita na kukaa, hivyo inafanana na njia. Huo ni mlango mmoja uliofungwa kwa rikazi. Mlango wa pili ni historia yetu wenyewe. Uislamu umekuwapo visiwani hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vijisarafu vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu. Hiyo ni hazina kongwe kweli kweli, na bado si ya Jahiliya! Sarafu ya Ali bin Al-Hasan au ya Barghash haiwi rikazi kwa kuwa imezeeka. Na reale, ijapokuwa imepigwa na Wakristo wa Ulaya, imedondoshwa katika mji wa Waislamu, pengine na mama aliyekuwa akienda sokoni. Kinachozingatiwa ni nani aliyeizika au kuipoteza na wakati gani, siyo uso wa nani umechorwa juu yake.

Wala hata tukikadiria kuwa ni rikazi, nisabu ya fedha ni gramu 595. Reale moja ina uzito wa kiasi cha gramu 28, na fedha safi iliyomo ni kiasi cha gramu 23. Itabidi azipate zaidi ya 25 kwa pamoja ndipo tuzungumze khumsi. Kwa hivyo khumsi haimhusu.

Tumesema haya kwa mujibu wa madhhab ya Shafi. Ndugu zetu Maibadhi wana vitabu vyao na masheikhe wao hawako mbali, wawaulize.

Kwa kuwa tumejua kuwa ni luqata, hukumu inatofautiana kwa kila kitu, wala si sawa kuvitia vyote katika kapu moja. Vizibo na misumari havina mwenye kuvitafuta; avichukue na atalipwa kwa kuondosha udhia, maana mtoto akikanyaga msumari wa kutu ni pepopunda. Sarafu za shilingi mia na mia mbili ni kitu duni ambacho mwenyewe kwa kawaida harudi kukitafuta. Aulize waliopo pale, na wasipotokea si vibaya kuzitumia, na kuzitoa sadaka ni bora.

Pete ni jambo zito. Herufi mbili ndani yake maana yake ni kuwa kuna watu wawili, au mmoja, na huenda wako hai. Bustani za mjini ndipo familia zetu wanapokaa jioni na siku za sikukuu. Mwanamke anapoteza pete ya mahari yake, anarudi nyumbani akilia, pengine mumewe akamdhania vibaya, kumbe imelala sentimita kumi chini ya majani. Pete hii haiuzwi. Haivaliwi wala haiazimwi. Ni amana mkononi mwa kijana, na kuitangaza ni wajibu kwa muda wa mwaka mzima, kama alivyoelekeza Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) katika hadithi ya Zayd bin Khalid: ajue chombo chake na kifungo chake, kisha aitangaze mwaka. Wanazuoni wameeleza namna ya kutangaza kwa utaratibu wenye huruma kwa pande zote. Mwanzo kila siku asubuhi na jioni, kisha kila siku mara moja, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, ili iwe haisahauliki. Mahali pake ni masokoni, milango ya misikiti na karibu na palipookotwa. Tunasema milango ya misikiti, siyo ndani, kwa kuwa kumekuja katazo la kutafuta kilichopotea ndani ya msikiti. Siku hizi ofisi ya sheha na makundi ya simu ya mtaa yanafanya kazi ya soko.

Katika kutangaza, asitoe sifa zote. Akitangaza kwa picha, kesho watakuja wanawake watano, na wote ni wake. Aseme imeokotwa pete, mahali fulani, anayeidai aeleze ilivyo. Herufi, uzito na umbo ni siri yake na ya shahidi mmoja au wawili waaminifu, na kuwashuhudisha hao ni sunna inayomlinda yeye mwenyewe na warithi wake, kwani akifa leo nani atajua kuwa pete ile haikuwa yake? Mwaka ukimalizika bila ya mwenyewe kutokea, anaweza kuimiliki kwa kutamka kuwa ameimiliki, lakini kwa dhamana: siku mwenyewe atakapokuja, hata baada ya miaka kumi, atamrejeshea, au amlipe thamani yake.

Reale na pesa za shaba zina utata wa namna nyengine. Aliyezipoteza amekwisha kufa, na warithi wake wametawanyika hawajulikani. Kutangaza mwaka mzima ili ajitokeze mwenye reale ya zamani ni kama kumwita mtu aliye kaburini. Ndiyo maana baadhi ya wakubwa wa madhhab walisema mali ya namna hii si luqata hata kidogo, bali ni mali iliyopotea ambayo haitarajiwi kupatikana mwenyewe, na mahali pake ni hazina ya Waislamu kwa maslahi yao. Kauli hii ndiyo tunayoielekea kwa vitu vya kale, na inaafikiana na utaratibu wa nchi. Sheria za Zanzibar zinalinda maeneo na vitu vya kale, na Mji Mkongwe wenyewe umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Avipeleke kwa wenye dhamana ya makumbusho na mambo ya kale, aeleze alipovipata, na achukue maandishi ya makabidhiano. Wakimwambia ni vya kawaida na hawana haja navyo, basi avitie thamani katika maslahi ya Waislamu, na ikiwa yeye mwenyewe ni mhitaji hakatazwi kufaidika kwa kadiri ya haja yake.

Huenda kaka yake akasema tunawapa serikali mali ya bure. Lakini kitu cha kale faida yake si fedha tu. Mwaka 1944 huko kaskazini ya Australia, katika visiwa vya Wessel, askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa. Sarafu zile kwa fedha si kitu kikubwa, lakini mpaka leo wataalamu wanajiuliza zilifikaje kule, na kwa kuwa hapakuandikwa vizuri zilivyokuwa zimekaa mchangani, nusu ya jawabu imepotea. Sarafu iliyong'olewa usiku na kuuzwa kwa mtalii inakuwa bubu. Na historia yetu Waislamu wa visiwa hivi ina watu wa kutosha wanaotaka kuisema kwa niaba yetu, tusiuze mashahidi wetu.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) ametuhadithia watu wawili wa kabla yetu. Mmoja alinunua ardhi kwa mwenzake, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamwendea muuzaji kuirejesha, kwani yeye alinunua ardhi hakununua dhahabu. Muuzaji akakataa, kwani yeye aliiuza ardhi na vyote vilivyomo. Wakaenda kwa hakimu, naye akauliza kama wana watoto. Mmoja ana kijana wa kiume na mwengine wa kike. Akawaamuru wawaozeshe, wawatumilie katika mali ile na watoe sadaka. Bukhari na Muslim wameipokea. Siku hizi kesi kama hiyo ikifika kwa kadhi, kila mmoja huja na mashahidi kuwa mtungi ni wake.

Kuhusu khofu ya mama: tunamwambia kwa heshima zote, mama yetu, majini wapo kwa dalili ya Qur'ani, lakini reale iliyodondoka mfukoni mwa mtu haina jini anayeimiliki. Haki inayohofiwa hapa ni ya binadamu mwenzetu. Khofu hii tungeiacha ipite lau isingekuwa mlango wa balaa. Kuna wanaowaambia vijana kuwa chini ya mbuyu fulani au gofu fulani kuna mali, na haitoki mpaka achinjwe kuku mweusi au mbuzi kwa ajili ya mwenye mahali. Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah ni shirki, na nyama yake ni haramu. Na baada ya kuku huja ada ya mganga, kisha ubani wa bei ya gari, kisha mganga mwenyewe hapatikani kwenye simu.

Je, aendelee? Kifaa chenyewe ni halali. Hata hivyo yule tunayemsoma katika vitabu vya fiqhi ni mtu aliyepita njia akakiona kitu. Mwenye mashine hajapita tu, ametoka nyumbani kwenda kutafuta, kwa hivyo kila anachokichimbua anajitwisha amana yake kwa hiari. Asiye na subira ya kutangaza mwaka mzima asichimbe. Na yale mashimo tuliyoyataja, katika bustani ya umma, ni madhara: mzee anateguka mguu, majani yaliyopandwa kwa fedha za watu yanakufa. Basi ni lazima ruhusa ya wanaosimamia bustani, na wakikataa ndiyo mwisho. Kwenye magofu kama ya Maruhubi, Mtoni au Unguja Ukuu asisogee kabisa bila ya kibali cha mamlaka. Ardhi ya wakfu ina msimamizi wake, na shamba la mtu lina mwenyewe. Linalopatikana ndani ya milki huulizwa mwenye milki kwanza, akikana akaulizwa aliyemuuzia, na hivyo hivyo kurudi nyuma.

Makaburi hatuyatolei ruhusa hata ya mwenye ardhi. Mji wetu una makaburi ya zamani baina ya nyumba na ndani ya viwanja, mengine hayana tena alama. Heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai, na kufukua kaburi kwa ajili ya kutafuta pete au sarafu ni haramu. Akichimba akakuta mfupa, arudishe udongo taratibu, na awape khabari wahusika.

Kama anataka kuizoea mashine, njia iliyo nzuri ni uani kwao. Azike mwenyewe sarafu, msumari, kizibo na kijiko kwa vina tofauti, aweke alama, kisha ajifunze mlio wa kila kimoja. Akishaijua, ipo kazi ya kheri inayomsubiri: watu hupoteza pete na funguo ufukweni na mashambani kila siku, wakamwita aje awatafutie kwa ujira unaojulikana, mwenyewe yupo pale pale. Huo ni ujira halali usio na shaka, na dua juu yake. Ama mapatano ya mwenye mashine kumpa mwenzake akachimbe kisha wagawane nusu kwa nusu kitakachopatikana, hayasihi katika madhhab yetu kwa kuwa ujira haujulikani. Amkodishe kwa siku kwa kiwango maalumu.

Kwa hivyo la kaka mtu kuuza na kugawana halipo. Pete akabidhiwe mama aiweke kabatini, herufi zake ziandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili na itiwe tarehe, na tangazo libandikwe wiki hii kwenye mlango wa msikiti ulio karibu na bustani: Imeokotwa pete ya kike. Anayeidai afike kwa sheha aeleze ilivyo.

Wallahu aalam.